Mapenzi ya mume yametulia, imebaki huruma: je, Allah ameninyang'anya?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Nimeolewa mwaka wa 14 sasa. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia umelala. Zamani nikisikia hodi yake tu moyo unaruka. Siku hizi namkanda kwa maji ya moto, namlisha uji, namgeuza kitandani, namwonea huruma sana, lakini ule moto sina. Shoga yangu anasema mapenzi ni hisia za mwili tu, yanakuja na kuondoka. Mimi niliamini yametoka kwa Mungu. Kama ni Yeye aliyeyatia, je, ameyaondoa kwa kunikasirikia?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amponye mumeo, akupe na wewe nguvu.

Shoga yako hajakosea kusema mapenzi ni hisia. Moyo kuruka kwa hodi ya mtu ni jambo la mwili, na mwili huchoka. Nisilolikubali ni hilo "tu" lake. Hisia nani kaziumba? Katika Surat Najm, aya ya 43, Allah anasema Yeye ndiye anayechekesha na anayeliza. Ikiwa hata kicheko na kilio vyetu vinarudishwa Kwake, mapenzi yatakuwaje yatima?

Tena Mtume (s.a.w.) ameyapa jina lake. Bibi Khadija alipokwisha kufariki, alikuwa akichinja kondoo anaagiza nyama ipelekwe kwa marafiki wa Khadija. Siku moja Bibi Aisha akaona wivu, akasema neno. Mtume akamjibu: "Mimi niliruzukiwa mapenzi yake." Imo katika Sahih Muslim. Niliruzukiwa! Mapenzi ni riziki, na riziki unaijua, dada yangu: leo imefurika, kesho haba, kesho kutwa inakuja kwa mlango usioutazamia.

Hofu yako ya ghadhabu imejibiwa katika Surat Fajr. Allah anamtaja mwanadamu ambaye akineemeshwa husema Mola wangu amenitukuza, na akipunguziwa riziki husema Mola wangu amenidhalilisha. Kisha linakuja neno moja zito: "Kalla!" Sivyo hivyo. Basi kupungua kwa kitu moyoni mwako usikufanye hati ya kukasirikiwa.

Sasa rudi kwenye aya tunayoisoma kwenye kila khutba ya ndoa, Surat Ruum aya ya 21: "Na akajaalia baina yenu mapenzi na huruma." Harusini watu hulisikia la kwanza, la pili likapita. Lakini Allah ametaja mawili, mawadda na rahma, na yote mawili amesema ameyajaalia Yeye. Ibn Kathir, akiifasiri aya hii, anasema mume hukaa na mke ama kwa kumpenda, ama kwa kumhurumia, kwa kuwa wamezaa pamoja au kwa kuwa anamhitaji amtunze. Na kwa mke ni vivyo hivyo. Umeandika mwenyewe kwamba unamwonea huruma sana, kisha ukauliza Allah amekunyima nini. Kipo mkononi mwako, kila unapolikamua lile taulo la maji ya moto.

Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Allah aliijaalia rehema sehemu 100, akazuia Kwake 99, akateremsha moja ardhini. Kwa hiyo moja, farasi jike huinua ukwato wake asimkanyage mwanawe. Mtu anayemgeuza mgonjwa polepole, asimwumize bega, kwangu mimi yumo katika hiyo hiyo.

Wala moyo hauamrishwi. Mughith, mtumwa wa zama za Mtume, alikuwa akimfuata mkewe Barira katika njia za Madina, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, naye Barira, alipopata uhuru wake kutoka utumwani, hamtaki tena. Mtume akamwombea arudi. Barira akauliza: "Unaniamrisha?" Akasema: "Hapana, mimi naombea tu." Akasema: "Basi simhitaji." Mtume hakumkemea Mughith kwa machozi yake, wala hakumwambia Barira kwamba ana dhambi kwa kutokupenda. Kwa hiyo hilo la moto kupoa halikuandikii dhambi. Tunaulizwa tulivyotendeana.

Jambo moja limenigusa. Barua yako nzima ni namkanda, namlisha, namgeuza. Ndugu zake wako wapi? Waite mashemeji na mawifi, wapokee zamu hata siku mbili kwa wiki. Mgonjwa huyo ni wao pia, na haki ya damu iko shingoni mwao. Mengine unayodhani ni mapenzi kwisha huenda ni usingizi ulioukosa miaka mitatu. Na usiku ambao si zamu yako, kaa tu ubavuni pake, bila beseni wala taulo, umpe habari za mtaani.

Wallahu aalam.