Mkali au mpole? Jibu kwa dada aliyepandishwa cheo

Mleta mada ameeleza kwamba amefanywa mkuu wa kitengo katika kampuni moja hapa Mwanza, kwamba mkurugenzi wake anamtaka awe mkali kama wanaume waliomtangulia huku mama yake akimsihi awe mpole, na kwamba makala anazosoma kuhusu uongozi wa wanawake Weusi zimeandikwa Marekani, hivyo hajui achukue lipi. Nimeongoza kitengo cha ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara kwa miaka mingi, na nitajibu kwa yale niliyoyapitia.

Makala hizo, mdogo wangu, usizitupe, ila zisome ukijua zimetoka wapi. Kule mwanamke Mweusi akisema jambo kwa msisitizo huambiwa ana hasira. Kwetu ataitwa jike dume au watasema ana gubu, ilhali mwanamume mwenye sauti ile ile husifiwa kuwa ni mtu asiyetaka mchezo kazini. Hata hivyo, wenzetu wa kule nao hawakuongoza kwa namna moja. Shirley Chisholm, aliyechaguliwa mwaka 1968 kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, alisimama mbele, na mwaka 1972 akawania uteuzi wa chama chake kugombea urais. Ella Baker, aliyewasaidia wanafunzi kuanzisha SNCC, chama chao cha kupigania haki za Weusi kule Marekani, mwaka 1960, alipendelea kukaa nyuma na kuuliza maswali mpaka watu wafikie uamuzi wao wenyewe. Nasi tunaye Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia katika siasa, na ambaye mwaka 1995 aliusimamia mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing. Kati ya hao watatu simwoni aliyemwiga mwenzake.

Ndiyo maana naona swali la ukali au upole halikusaidii. Jiulize kwanza ni wapi watu hukufuata bila cheo: kwenye kikoba, kwenye kwaya, au kwenye msiba, ambako wanawake hugawana kazi, hukusanya fedha na kulisha umati wa watu kwa siku kadhaa (na bado hatuuiti huo uongozi). Mimi nilibaini kwamba watu hunikubali ninapowaonyesha jambo kwa macho yao kabla ya kuamua, nikaupeleka utaratibu huo kiwandani.

Asubuhi moja wakala mkubwa, mtu wa umri wa baba yangu, alileta mzigo uliosafirishwa na barafu kidogo mno. Nilimwamkia shikamoo kama siku zote, nikamlaza samaki wake mmoja mezani kando ya samaki mzuri, nikafunua mashavu ya wote wawili, ya huyu mekundu, ya yule yamekwisha kuwa kahawia, kisha nikamwomba abonyeze nyama kwa kidole gumba. Kwa samaki mzuri nyama iliinuka tena. Kwa wake shimo lilibaki. Nikachomeka kipimajoto, nikamsomea namba, nikaandika sababu kwenye daftari na kuurudisha mzigo. Alikwenda kulalamika kwa wakubwa, kama nilivyotarajia, lakini hakukuwa na la kubishania, kwa kuwa vijana wote wa mapokezi walikuwa wameona. Kesho yake nilimwamkia tena shikamoo, naye akaitikia.

Suala la rangi hapa Mwanza halitugusi kila siku, kwa sababu karibu sote ni Weusi. Hujitokeza wageni wanapofika. Mkaguzi mmoja kutoka ng'ambo alinipita, akampa mkono msaidizi wangu, kijana mwenye asili ya Asia, akaanza kumuuliza kuhusu vipimo vilivyokuwa chini yangu. Kijana akamjibu, "Mkuu wa kitengo ndiye huyu," akanyamaza. Tulikuwa tumekubaliana hivyo mapema, kwani nafasi ya namna hiyo ukiipigania mwenyewe papo hapo utaonekana mgomvi, lakini mwenzako akikuelekezea mgeni, mambo yanakwisha hapo hapo. Zungumza na msaidizi wako juu ya jambo hili katika wiki ya kwanza.

Vikao vya kitengo viendeshe kwa Kiswahili, hata kama ripoti zinaandikwa kwa Kiingereza. Wapo wanaodhani Kiingereza kinamwongezea kiongozi uzito. Nilichokiona mimi ni kwamba kinawanyamazisha wale hasa wanaojua tatizo liko wapi, yaani akina mama wanaoshinda wamesimama wakisafisha minofu.

Ama mkurugenzi anayekutaka uwe mkali, muulize kwa adabu ni jambo gani anataka litendeke ambalo sasa halitendeki. Akikutajia, litekeleze kwa njia yako na umpelekee matokeo kwa maandishi. Asipoweza kulitaja, mshukuru na uendelee na kazi.