Miguu ya Nyoka Iliishia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata kusikia kwamba nyoka wa kale walikuwa na miguu. Je, kuna visukuku vinavyothibitisha jambo hilo, au ni makisio tu? Na kama ni kweli, miguu hiyo ilipotea nchi kavu au baharini?

JIBU: Ndugu msomaji, si makisio. Visukuku vyenye miguu vipo, ingawa ni vichache sana, na uchache huo una sababu yake. Fuvu la nyoka limeundwa kwa vifupa vyepesi visivyoshikana sana, hivyo mnyama akifa husambaratika upesi, na mara nyingi kinachosalia mwambani ni pingili za uti wa mgongo peke yake. Hata hivyo dalili ya kwanza tunayo kwa nyoka walio hai: chatu ana vikucha viwili, kimoja kila upande wa tundu la haja, na ndani ya mwili vimeungana na mabaki ya mifupa ya paja na nyonga.

Mjadala wa bahari na nchi kavu ulipamba moto mwaka 1997, Michael Caldwell na Michael Lee walipoonyesha kwamba Pachyrhachis, mnyama wa baharini aliyechimbuliwa Ein Yabrud, karibu na Ramallah, alikuwa nyoka mwenye miguu ya nyuma. Ugunduzi huo ulitia nguvu wazo la Edward Drinker Cope, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, ambaye tangu mwaka 1869 aliwahesabu nyoka kuwa jamaa wa karibu wa mosasa, wale mijusi wakubwa wa baharini waliokwisha kutoweka.

Baadaye akapatikana Eupodophis, naye nyoka wa baharini, nchini Lebanoni, na huyu anastahili kutazamwa kwa makini. Mguu mmoja tu, wenye urefu wa sentimita 2 hivi, ndio ulioonekana juu ya jiwe. Wa pili ulikuwa umezama ndani yake. Badala ya kulivunja jiwe, watafiti walilipiga eksirei zenye nguvu kubwa huko Grenoble, Ufaransa, na mwaka 2011 wakatangaza walichokiona: goti lililokunjwa, vifupa vinne vya kifundo, kisha basi. Hapakuwa na unyayo wala kidole hata kimoja.

Lakini shahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Najash wa Argentina, aliyetangazwa mwaka 2006 na Sebastián Apesteguía na Hussam Zaher. Aliishi miaka milioni 95 hivi iliyopita, naye alipatikana katika miamba iliyotokana na mashapo ya nchi kavu. Nyonga za nyoka wale wa baharini zilikuwa zimeachana na uti wa mgongo, ilhali zake bado zilikuwa zimeungana nao, kama zilivyo za mjusi. Mwaka 2019 yakaelezwa mafuvu yake yaliyohifadhika vizuri ajabu, yakiwa na mfupa wa shavu ambao nyoka wa leo hawanao tena. Mnyama aliyebakiza alama nyingi hivyo za mjusi, tena akiwa nchi kavu, anafanya iwe vigumu kushikilia kwamba miguu ilipotelea baharini.

Hata hao wote hawana miguu ya mbele, na hilo linatuonyesha kwamba ndiyo iliyotangulia kupotea. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba nyoka mwenye miguu minne, Tetrapodophis, amepatikana Brazili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulipinga dai hilo na kumweka katika kundi la mijusi wa majini wenye miili mirefu.

Kama nyoka wa kwanza walichimba ardhini au walitambaa juu yake, hapo wataalamu bado wanabishana. Hongyu Yi na Mark Norell walichunguza sikio la ndani la Dinilysia, nyoka mwingine wa kale wa Argentina, wakaona linafanana na la nyoka wachimbaji. Dinilysia, hata hivyo, alikuja baada ya Najash, wakati asili ya nyoka huenda ikarudi nyuma zaidi: Uingereza kumepatikana vipande vya taya vya miaka milioni 167 hivi, ambavyo baadhi ya watafiti wanavihesabu kuwa vya nyoka na wengine wanavitilia shaka. Ni taya tu, wala hakuna mguu uliopatikana pamoja nazo.