Maswali ya wasomaji: Ametundikiwa dripu, mbona hapati nafuu?

Daktari, shikamoo. Mimi ni saisi (mtunza farasi), Karen, Nairobi. Farasi wetu wa kilo 500 hivi alishikwa na koliki (maumivu makali ya tumbo), akawa hanywi, fizi zimekauka. Alitundikiwa chupa nne za nusu lita, zile za hospitali. Zikaisha, naye yuko vilevile. Je, dawa ilikuwa mbovu?

Marahaba. Dawa haikuwa na kosa, ilikuwa kidogo mno. Lita 2 kwa kilo 500 ni mililita 4 tu kwa kila kilo. Farasi wa uzito huo, hata asipoumwa, anahitaji lita 25 hadi 30 kwa siku. Akipungukiwa maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake (ngozi ya shingo ukiifinya inachelewa kurudi, fizi zinanata kidoleni), deni lake ni lita 40. Hizo ni chupa 80 za nusu lita, na mahitaji ya siku bado hujayahesabu. Ndiyo maana farasi hutundikiwa mifuko ya lita 5, miwili au zaidi ikiungwa kwenye mpira mmoja.

Kuna suala la kasi pia. Maji hupita kwa kadiri ya mahali penye tundu jembamba kuliko pote. Uweke kanula nene (mrija unaoachwa ndani ya mshipa) shingoni, mpira wa dripu wa binadamu bado utakukwamisha. Farasi mkubwa huwekewa kanula ya geji 14 (geji ni kipimo cha unene) yenye urefu wa sentimita 13 hivi. Akiwa hali mahututi, geji 12 au 10, maana namba ikishuka tundu hupanuka. Mfuko nao uning'inizwe juu kadiri paa la banda linavyoruhusu.

Kwa mgonjwa aliyelegea, daktari huanza na mililita 10 hadi 20 kwa kilo, yaani lita 5 hadi 10, kisha humpima upya: mapigo (kawaida ni 28 hadi 44 kwa dakika), ufizi ukibonyezwa rangi irudi ndani ya sekunde 2, na kama amekojoa. Deni linalobaki hulipwa ndani ya saa 12 hadi 24. Maji yawe ya Ringa laktati, yaani yenye chumvichumvi zinazokaribiana na za damu. Dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5 haifai kujazia damu: sukari ikishatumika hubaki maji matupu, nayo hayakai kwenye mishipa. Potasiamu isiongezwe kamwe kwenye mfuko unaokwenda kasi. Kikomo chake ni milimoli 0.5 kwa kilo kwa saa. Ikizidi, moyo unaweza kusimama.

Na kama koliki imetokana na kinyesi kilichokauka kikaziba utumbo mpana, mpira wa puani mara nyingi huishinda dripu, tena kwa gharama ndogo. Hupitishwa lita 6 hadi 8 za maji ya vuguvugu kwa mkupuo, kila lita ikiwa na gramu 5.3 za chumvi ya mezani, 0.4 za kloridi ya potasiamu na 3.8 za bikaboneti ya sodiamu. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, kwa sababu mpira ukiingia mapafuni, maji yake yanaweza kumuua. Kwanza avute kilichomo tumboni. Yakitoka zaidi ya lita 2, asiongeze hata tone. Farasi hatapiki, tumbo lake hupasuka.

Siku mbili baada ya dripu shingo ya farasi imevimba, mshipa umekuwa mgumu kama kamba. Tuendelee na kanula ileile?

Hapana, itolewe leo. Mshipa umepata uvimbe na damu imeanza kuganda ndani. Kandeni kwa maji ya moto mara kadhaa kwa siku, na mkiona usaha au homa daktari aitwe. Mshipa wa upande wa pili muuepuke mkiweza, kwani yote miwili ikiziba kichwa kizima huvimba.

Chanzo huwa uchafu wakati wa kuweka, au kanula iliyokaa mno. Nywele zinyolewe, ngozi isuguliwe kwa kloreksidini (dawa ya kuua vijidudu) hadi pamba itoke nyeupe. Kanula ya tefloni isizidi siku 3. Ya poliyurethani (plastiki laini zaidi) huvumilia zaidi. Isukumwe maji ya chumvi yenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) kila saa 6. Kifuniko kisiachwe wazi: farasi akiinua kichwa, mshipa huvuta hewa.

Asalaam aleikum daktari. Mimi nina punda, Lamu, kilo 150. Hesabu ni hiyohiyo?

Waalaikum salaam. Kwa kilo, ndiyo: lita 7.5 hadi 9 kwa siku kabla ya kulipa deni. Ila punda huficha kiu. Kipimo cha chembe za damu kinaweza kubaki cha kawaida mpaka awe amepungukiwa asilimia 12 hadi 15, kwa hiyo usitegemee maabara peke yake. Ngozi yake ni nene na msuli hufunika mshipa katikati ya shingo. Daktari huchagua theluthi ya juu na kuinamisha sindano kwa pembe kubwa kuliko ya farasi.

Asipokula siku mbili, hasa aliyenenepa au mwenye mimba, mafuta humwagika kwenye damu. Damu yake ikituama kwenye kichupa, maji ya juu huwa meupe kama maziwa. Hapa ndipo dekstrosi ya asilimia 5 inapopata kazi: mililita 150 hadi 300 kwa saa kwa punda wako, huku akibembelezwa ale chochote anachokipenda.