Re: Riwaya ya Kihindi ambayo njaa si pambo tu la mapenzi?

Mkuu, tafuta Manvini Bhavai ya Pannalal Patel, ya mwaka 1947. Imeandikwa kwa Kigujarati, lugha ya jimbo la Gujarat, India. Bhavai ni maigizo ya kienyeji ya huko, kwa hiyo jina lenyewe ni kama kusema "mchezo wa binadamu".

Kalu na Raju wamechumbiwa wakiwa watoto wadogo. Fitina za ukoo zikavunja uchumba, kila mmoja akaozwa kwingine, na mapenzi yakabaki ya kutazamana tu. Halafu inaingia Chhappaniyo, njaa kuu ya 1899–1900, iliyopewa jina kutokana na mwaka 1956 wa kalenda yao ya Vikram. Kalu ni mkulima. Kupanga foleni ya chakula cha sadaka kunamuuma kuliko tumbo lenyewe.

Mwishoni Kalu yuko taabani, maji hakuna, na Raju anampa ziwa lake anyonye kama mtoto. Halafu mvua inanyesha. Ukisimuliwa hivi unaweza kuguna, hata mimi niliguna. Lakini ukifika hapo baada ya kurasa zote zile, huoni aibu yoyote.

Tafsiri ya Kiingereza ipo, inaitwa Endurance.