Si kila mlima una ndege wachache kadiri unavyopanda

Je, aina za ndege hupungua kadiri unavyopanda kila mlima? Hapana, si kila mlima. Kwenye milima yenye mvua tangu chini, kama miteremko ya mashariki ya Andes huko Amerika Kusini, aina za ndege huwa nyingi chini na hupungua kadiri unavyopanda. Lakini mlima unaoanzia kwenye nyika kavu mara nyingi huwa na aina nyingi zaidi katikati, kwenye msitu wa ukungu, maana huko ndiko joto na maji vinapokutana, na wadudu na matunda hayakosekani. Mtafiti Christy McCain alilinganisha milima mingi duniani mwaka 2009 akaona mambo hayo mawili, joto na maji, ndiyo yanayoeleza tofauti hii kwa sehemu kubwa.

Ila tusihesabu idadi tu. Juu wako wachache, lakini wengi wao hawapatikani kwingine kokote. Mfano ni kwale wa milima ya Udzungwa, Tanzania: aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 1991, ana jamaa zake wa karibu huko Asia! Na hao wa juu ndio walio hatarini zaidi: joto likiongezeka hupanda, na kileleni hakuna pa kupanda tena. Kule kwenye mlima wa Pantiacolla, Peru, baadhi ya ndege wa kileleni walioonekana mwaka 1985 hawakuonekana tena mwaka 2017.