Je, kila penye x² pana mlinganyo wa kipeo cha pili?

SWALI: Binti yangu alipewa zoezi hili: “Rahisisha, kisha useme kama huu ni mlinganyo wa kipeo cha pili: (x + 4)(x − 1) = x² + 7.” Akajibu ndiyo, maana x² anaiona kwa macho. Akakosa. Mimi nimekwama kwenye “rahisisha”: mbona alipofungua mabano kazi ilirefuka? Na ni kipeo au kipeuo?

JIBU: Nianze na la mwisho. Kipeo cha pili cha 9 ni 81. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Irabu moja tu, na jibu linageuka kabisa. Katika swali lako ni kipeo. Wanaosema “mlinganyo wa kwadratiki” wanataja kitu kilekile.

Sasa “rahisisha”, neno linalowaonea watoto wengi. Katika mazungumzo, ukimrahisishia mtu kazi unampunguzia uzito. Katika hesabu, kurahisisha ni kufungua mabano, kukusanya vinavyofanana na kufuta vinavyofutana, hadi kisibaki cha kupunguza. Njiani karatasi inaweza kujaa. Tazama: upande wa kushoto unakuwa x² + 3x − 4. Kulia pia ipo x². Toa x² pande zote mbili, inabaki 3x − 4 = 7, yaani 3x = 11. Kipeo cha pili kimeondoka.

Nalipenda sana tendo hili la kufuta kinacholingana kila upande, kwa sababu lina jina la zamani. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliliita al-muqabala. Sisi tunalo neno la mzizi huohuo: mkabala. Vitu vinakabiliana, vinaondoshana. Neno mwenzake, al-jabr, ndilo lililotupa “aljebra” yetu.

Jina “wa kipeo cha pili”, basi, hutaja kipeo kikubwa kinachobaki baada ya kurahisisha, yaani umbo ax² + bx + c = 0, ambamo a si sifuri. Kinachoonekana mwanzoni hakitoshi. Hata kinyume chake hutokea: x(x² + 2) = x³ + x² − 3 unaonekana wa kipeo cha tatu, lakini x³ zikifutana unabaki x² − 2x − 3 = 0. Huo ni wa kipeo cha pili bila ubishi, na majibu yake ni 3 na −1. Yajaribu katika mlinganyo wa mwanzo, utaona pande zinalingana.

Angalia pia vitenzi. Fungu la herufi na namba lisilo na alama ya sawasawa hurahisishwa tu, halitatuliwi. Mlinganyo hurahisishwa, kisha hutatuliwa.

Binti yako angeandika hivi: “Ukirahisishwa, huu si mlinganyo wa kipeo cha pili.” Hilo “ukirahisishwa” asiliache.