Maswali ya Wasomaji: Diski za Ziada Ndani ya Kasha Moja

SWALI: Nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ni ya mtumba iliyotoka Uingereza, kasha la kusimama, na diski yake ya terabaiti 1 imejaa. Nataka kuongeza tatu za terabaiti 4, za inchi 3.5, lakini nafasi iliyobaki ni moja. Ninunue kasha jipya? – Msomaji, Umoja

JIBU: Usinunue bado. Anza na pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 kwenye waya wa volti 12, yaani wati 24, kisha hushuka hadi wati 5 au 8. Nne zikiamka pamoja, karibu wati 100 zinaondoka kwa mpigo. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, zina pawasaplai ndogo, na plagi zake huwa za kipekee za kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa hiyo ya kawaida ya dukani huenda isiingie. Umeme ukiwa hautoshi, diski hugonga "tak, tak" wakati wa kuwasha au hupotea katikati ya kazi.

Ushauri wetu: nunua mbili za terabaiti 8 badala ya tatu za 4. Unapata terabaiti 16 badala ya 12, kwa umeme na joto pungufu.

Ya kwanza iingie kwenye nafasi iliyo wazi. Ya pili ikae mahali pa DVD, ikiwa DVD yako ni ile nene ya inchi 5.25, ile nyembamba ya aina ya laptopu haitoshi. Omba fremu ya chuma ya kugeuza 5.25 kuwa 3.5. Uzuri ni kwamba DVD ikitoka inakuachia kebo zake mbili za SATA (aina ya kiunganishi cha diski), ya data na ya umeme.

Ikibidi kugawanya umeme, kataa kigawanyo cha moleksi (plagi ya umeme ya zamani yenye nyaya nne) kwenda SATA ambacho plastiki imemiminwa ikafunika nyaya. Ndani yake nyaya huweza kugusana zikashika moto, na hapa hatukubali bei rahisi iwe sababu. Chukua chenye kifuniko kinachofunguka nyuma, kila waya umebanwa mahali pake.

Chomoa plagi ukutani na uguse chuma cha kasha kabla ya kushika diski. Skrubu za diski hizi ni za saizi 6-32, si za saizi M3 za diski za inchi 2.5, ikikataa kuingia kwa vidole, usiisukume kwa bisibisi. Ndefu mno inaweza kuharibu bodi ya diski.

Mwisho, feni ya milimita 120 mbele, ikipuliza ndani. Joto la diski likizidi nyuzi 45 mara kwa mara, hewa haitoshi.

SWALI: Diski yangu mpya ya terabaiti 4 inaonyesha 2 tu. Je, ni bandia? – Msomaji, Kayole

JIBU: Yaelekea si bandia. Imegawanywa kwa mfumo wa MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, ambao haufiki mbali zaidi ya terabaiti 2. Hamisha kwanza chochote kilichomo. Kisha, kwenye Disk Management (programu ya diski iliyomo ndani ya Windows), futa sehemu zote, bofya jina la diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uigeuze kuwa GPT, mpangilio mpya usio na kikomo hicho.